Makovu ya Mgongoni mwa Aabo

Kafuri ina harufu isiyotoka mikononi upesi. Nimenawa kwa sabuni, nimekula kwa mkono huo, nimeshika usukani kutoka Garissa hadi ninakoishi sasa, na bado nikiuleta usoni naikuta. Sisi wa rika langu tumeshafika umri wa kuzika baba zetu, kwa hiyo wengi mtakaosoma haya mnaijua harufu hiyo na mnajua nimeitoa wapi. Aabo, baba yangu, nilimwosha mimi mwenyewe, nikiwa na imamu wa mtaa na mzee mmoja aliyefanya naye udalali wa mifugo tangu sijazaliwa.

Tulipomgeuza ubavu ili tumwoshe mgongo, yule mzee alisita. Pande zote mbili za uti wa mgongo palikuwa na makovu ya mviringo, yamejipanga mawili mawili kushuka chini. "Majambazi wa ngamia," alimweleza imamu kwa sauti ndogo. "Walimkamata akiwa kijana, wakamchoma moto aseme mifugo imefichwa wapi. Hakusema." Imamu alitikisa kichwa kwa heshima, kisha wote wawili wakanigeukia mimi, mwana mkubwa, kana kwamba nithibitishe. Nikasema, "Ndiyo, hapo ndipo," nikamimina maji.

Haikuwa kweli, na nilijua si kweli. Nataka kueleza ilivyokuwa, ila hapa sitataja jina la mtu yeyote, na mkifika mwisho mtajua kwa nini.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano na tulikaa mtaa wa Galbet, Garissa, nyumba ya mabati yenye ua wa mchanga. Nilikuwa mfupi. Sisemi mfupi wa kutaniwa kidogo na kusahauliwa, nasema mfupi wa kuitwa mbele darasani kila mgeni alipokuja, ili mwalimu aulize kwa mzaha kama mtoto huyu amepotea njia ya shule ya msingi. Wenzangu walikuwa wameanza kuongea kwa sauti za baba zao. Yangu ilikuwa bado ile ile ya kuitia mbuzi. Dada yangu, niliyemtangulia kwa miaka miwili, alinipita mwaka huo, akaanza kunitolea vitu kabatini bila kuombwa. Alifanya kwa wema, na wema huo uliniuma kuliko matusi ya wavulana.

Hooyo, mama yangu, alikuwa na njia yake ya kunipima. Kila Idd alinishonea kanzu mpya mwenyewe, na kila mara aliikata ndefu kupita kiasi, akakunja upindo mpana kwa ndani. Alisema kitambaa kina bei, sina haja ya kanzu mpya kila nikirefuka, atafumua tu upindo. Basi Idd ikaja, na Idd nyingine, na upindo ukabaki ulivyo. Nilimwona siku moja ameketi uani na kanzu ya mwaka uliopita mapajani, anapitisha kidole kwenye ule mshono ambao hakuwahi kuugusa tena. Aliponiona aliikunja haraka na kuniuliza kama nimekunywa maziwa.

Maziwa. Kulikuwa na mama aliyeyaleta kila asubuhi, ya ngamia, kutoka vibuyu vilivyofukizwa, yana harufu ya moshi ambayo mtu asiyezaliwa kwetu huikunjia uso. Hooyo alinimiminia kikombe cha kwanza kabla ya mtu yeyote, hata Aabo. Kisha kijiko cha samli juu ya mkate wa anjera, kisha ini la mbuzi siku Aabo alipolileta kutoka sokoni. Nilikula kama mtu anayelipiwa kula. Nilinenepa mashavu kidogo, na hayo ndiyo yaliyokuwa mavuno yote.

Lakini mahali palipoumiza zaidi ni msikitini. Mnajua watu wazima husimama safu za mbele, na watoto ambao hawajabalehe hupangwa nyuma. Kulikuwa na mzee mmoja aliyejipa kazi ya kunyoosha safu. Kila Ijumaa nilijipenyeza kati ya wanafunzi wenzangu, na kila Ijumaa mkono wake mkavu ulinishika bega na kunirudisha nyuma, kwa upole kabisa, kama anayemwondoa kifaranga jikoni. "Nyuma, mwanangu, nyuma na wenzako." Wenzangu hao walikuwa na miaka tisa, wanafinyana wakati wa sijda. Aabo alikuwa safu ya kwanza au ya pili, mrefu, mgongo umenyooka, ndevu zimepakwa hina. Hakuwahi kugeuka.

Mgongo huo niliujua. Wakati wa joto kali Aabo alilala mchana bila shati, na mimi nilipokuwa mdogo nilikaa nyuma yake na kuyagusa yale makovu kwa ncha ya kidole. Hadithi ya majambazi sikumbuki niliisikia wapi mara ya kwanza, pengine sokoni, kwa yule yule mzee. Nilichojua ni kwamba baba yangu alichomwa moto akiwa kijana wa umri wangu, na hakulia. Nilijenga uanaume mzima juu ya makovu yale. Nililala nikiyawazia. Niliamini mtu akishavumilia kitu kama kile, mwili wenyewe huona haya kubaki wa mtoto.

Niliamini pia kwamba Aabo ameshanikatia tamaa, na ushahidi nilikuwa nao. Likizo nilikuwa nikifuatana naye soko la mifugo, na nilimwona jinsi anavyopita katikati ya mbuzi. Aliyemfaa alimshika mgongo, akamfungua mdomo, akatazama meno, akasimama. Mbuzi aliyevia alimruka kwa macho tu, hakupoteza hata pumzi juu yake. Na mwaka ule Aabo aliacha kunitazama. Nikiingia chumbani alishika redio. Nikimsalimu aliitikia huku akiangalia mlango. Nilifanya hesabu ya mtoto wa dalali: mimi nimerukwa.

Hooyo ndiye aliyeng'ang'ania twende kwa daktari. Alikuwa kijana kutoka Kenya, kama tulivyozoea kusema kwetu, utadhani Garissa ilikuwa nchi nyingine. Alinipima urefu, akatoa damu, akatupeleka nikapigwa picha ya mkono wa kushoto. Sikuelewa kwa nini mkono, maana ugonjwa wangu ulikuwa miguuni. Tuliporudi kwake aliinua ile filamu dirishani, mifupa yangu ikaonekana myeupe, ina nafasi nyeusi katikati.

"Mnaona hapa? Mifupa bado haijafunga," alisema. "Mkono huu ni wa mtoto wa miaka kumi na miwili. Maana yake ana muda wa kukua bado. Damu yake ni safi, hana ugonjwa. Wengine huchelewa tu, na mara nyingi unakuta mzazi mmoja naye alichelewa." Akamgeukia Aabo. "Mzee, wewe ulianza kukua lini? Ndevu zilitoka ukiwa na miaka mingapi?"

Aabo aliishika kofia yake. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuzia mbuzi, p ikitoka b, na mbele ya ofisi kilizidi kumkaukia. "Hiyo mambo ni ya zamani, daktari. Mimi nasahau. Wewe angalia mifuba ya kijana, wacha yangu."

Daktari alicheka kidogo, akasema sawa, turudi baada ya miezi sita nipimwe tena. Nje, kwenye jua, Aabo alisimama akaitoa ile filamu katika bahasha na kuiinua juu. Aliitazama muda mrefu, mpaka Hooyo akamwambia watu wanapita. Mimi nilimjua mtu anayetazama hivyo. Nilifikiri anatafuta kasoro.

Siku chache baadaye niliwasikia wakizungumza, saa ile ya mchana ambayo Galbet yote hulala na hata mbuzi hawasemi. Nilikuwa nimejilaza upande wa pili wa pazia. Nyumbani tulisema Kisomali, nayaandika maneno yao kama yanavyonijia.

"Amesema tungoje," alisema Aabo.

"Kungoja ni dawa gani? Mtoto anaona haya kutoka nje. Hali tena na wenzake."

"Mbuzi akiwa na meno ya maziwa, hata awe mdogo vipi, mtu hasemi leo ndiyo bei yake."

"Mwanangu si mbuzi."

"Sikusema ni mbuzi."

"Hata humtazami," alisema Hooyo, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Unafikiri sioni? Tangu mwaka jana humtazami mwanao usoni. Mimi nitamtafutia mtu wa kumtibu. Kuna mzee amekuja kutoka upande wa Hadado, wanawake wanamsifu. Ana chuma cha kuchomea."

"Mtoto huyu hachomwi."

"Kwa nini? Wewe mwenyewe ulichomwa ulipougua manjano, ukapona."

Nilisubiri jibu. Nilisikia Aabo akivaa viatu, kisha mlango. Na mimi, badala ya kushukuru, nilikaa pale na uchungu wa kunyimwa. Ya manjano sikuyapa hata nafasi, niliona ni Hooyo tu hajui habari za wanaume. Nilichoshika ni kwamba hata moto Aabo ameona sistahili.

Kwa hiyo Hooyo aliponijia asubuhi moja, Aabo akiwa ameshakwenda sokoni, akaniuliza, "Utaweza kuvumilia?" nilisema nitaweza kabla hajamaliza. Alinishika mashavu. Mikono yake ilikuwa baridi. Mama yangu hakuwa mtu wa kupenda kuumiza mtoto. Alikuwa mtu aliyemwaga maziwa ya ngamia ndani yangu mwaka mzima na hakuona yamekwenda wapi.

Mganga alikuwa mzee mkimya, ana ndevu chache na begi la turubai. Alitandaza kitambaa uani, akapanga vyuma vyake vidogo, akaomba jiko la makaa. Alininyoosha mikono, akanigonga magoti, akaniambia nitoe shati nilale kifudifudi kwenye mkeka. Alisema damu imelala mgongoni, itaamshwa. Nilisikia makaa yakipulizwa. Nilisikia pia dada yangu akisema kitu kwa Hooyo, Hooyo akimnyamazisha, kisha miguu ikikimbia na lango la bati likibamizwa. Nilifunga macho. Naomba mniamini, nilikuwa na furaha. Nilijiambia baada ya leo nitakuwa na makovu kama ya Aabo, na hapo atanitazama.

Sijui ilichukua muda gani. Mganga hakuwa na haraka, aliacha chuma kishike moto sawasawa, huku akisoma dua taratibu. Alishaniwekea alama za mkaa mgongoni, nazo zilikuwa zinawasha, wakati lango lilipofunguka na nikasikia mtu anahema. Nilifumbua jicho moja nikaona viatu vya Aabo, vumbi la soko mpaka vifundoni. Dada yangu alikuwa nyuma yake, buibui limejaa mchanga. Alikuwa amekimbia mpaka soko la mifugo, mahali ambapo wasichana hawaendi, akapita katikati ya madalali wote hadi akampata.

Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Alimwamkia mganga kwa adabu, maana alikuwa mzee wake. Kisha akafungua vifungo vya shati, kimoja kimoja, akalivua, akatugeuzia mgongo sote pale uani, kwenye mwanga wa asubuhi.

"Mzee wangu," alisema, "hii ni kazi ya mtu kama wewe. Tena alikuwa fundi."

Mganga alisogea, akayatazama yale makovu, akayagusa kama nilivyokuwa nikiyagusa mimi. "Ni kazi safi," alisema. "Ulikuwa unaumwa nini?"

"Sikuwa naumwa. Nilikuwa mfupi."

Aabo aliendelea kuongea akiwa ametupa mgongo, na nafikiri asingeweza kuyasema akiwa ametutazama. "Umri wangu ulikuwa kama wa huyu. Ilikuwa Hadado, nyuma ya boma la ngamia la mjomba wangu. Walisema damu imelala. Wakanichoma mwanzo wa mvua, sikukua. Wakanichoma tena kiangazi, sikukua. Nilianza kukua walipochoka kunichoma."

"Uliniambia ni manjano," alisema Hooyo.

"Nilikwambia."

"Miaka yote hii."

"Ningekwambiaje? Ulikuwa umeolewa na mwanamume mrefu."

Hooyo alianza kucheka, na kicheko hakikufika mbali, kikageuka kilio. Alivua shali yake begani akamfunika Aabo mgongo, ile shali ya maua ya manjano, akaiacha mikono yake juu yake. Mzee mganga alikitoa chuma kwenye makaa, akakichomeka mchangani kipoe. "Basi mimi hapa sina kazi," alisema bila chuki yoyote. "Kama kuna chai, nitakunywa." Dada yangu akaenda kupika chai.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, na mkaa mgongoni, kila nilichokijenga kimeporomoka. Nilisema jambo pekee lililonijia. "Na majambazi?"

Aabo alinigeukia. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alinitazama sawasawa baada ya muda mrefu, na uso wake haukuwa wa dalali hata kidogo. "Hakukuwa na majambazi," alisema. "Kulikuwa na shangazi zangu. Walinikalia miguu." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini iliyonifikia mimi tu, "Na nililia. Nililia mpaka ngamia wakaamka."

Alichota maji kwa kopo, akachuchumaa nyuma yangu, akaanza kuniosha zile alama za mkaa kwa kiganja chake. Aliosha moja, akaosha nyingine. "Kila nikikutazama," alisema, "naona jiko." Basi nikaelewa redio, na mlango, na macho yaliyonikwepa. Alikuwa akiniogopea, na hofu yenyewe ilikuwa ya zamani kuliko mimi. Nililia pale pale kwenye mkeka, kwa ile sauti yangu ya kuitia mbuzi, na sikuona aibu.

Ijumaa iliyofuata nilisimama nyuma na watoto bila kungoja kurudishwa. Safu zilikuwa zimeanza kunyooka nilipoona Aabo anarudi kinyume, anapita kati ya watu, anaomba radhi. Alinishika kifundo cha mkono, ule wa kushoto uliopigwa picha, akanipeleka mbele. Mzee wa safu alinyoosha mkono wake mkavu kama kawaida. "Huyu ana miaka kumi na mitano kamili," Aabo alimwambia. "Dini inahesabu miaka pia. Atasimama na mimi." Mzee alinitazama juu chini, akaangalia Aabo, akasogea. Watu husimama bega kwa bega, lakini bega langu lilimfikia Aabo kwenye kiwiko, kwa hiyo tuligusana miguu. Kidole chake kidogo kilikuwa juu ya changu muda wote wa swala, na hakukiondoa.

Nilikua, bila shaka, vinginevyo hadithi hii ingekuwa na huzuni nyingine. Ilianza bila tangazo. Sauti ilikatika ikarudi nzito nikiwa naagiza sukari dukani, muuza duka akauliza nani amesema. Magoti yaliuma usiku kucha. Hooyo alikaa uani na wembe mdogo akafumua upindo wa kanzu, akafumua na wa kanzu ya Idd iliyofuata, na mwishowe akalalamika kwa majirani kwamba mtoto huyu atamfilisi kwa vitambaa, akilalamika kwa sauti kubwa ili walio mbali pia wasikie. Nilimpita Aabo kwa vidole viwili hivi. Siku tulipogundua, alinitazama kutoka chini kwenda juu, akasema tu, "Sasa punguza kula."

Habari ya Hadado haikutoka nje ya ua ule. Mganga aliondoka nayo, Mungu amrehemu. Sokoni majambazi waliendelea kumchoma Aabo kila mwaka, na kila mwaka aliwavumilia zaidi, kwa kuwa yule rafiki yake hakuwa mtu wa kuacha hadithi bila chumvi. Aabo hakusahihisha, nami sikumsahihishia. Aliweka siri hiyo maisha yake yote, akaitumia mara moja tu, akaitumia kwangu. Ningewezaje kuitoa mbele ya imamu, yeye amelala pale na hawezi kushika kofia yake? Nawaandikia ninyi kwa sababu nasikia wengine mnawapima watoto wenu milangoni, na usingizi hamna. Ndiyo maana hapa hakuna jina.

Tulipotoka makaburini nyumba ilikuwa imejaa. Hooyo alikuwa chumbani na wanawake, ameshavaa nyeupe za eda. Aliwaomba watupishe kidogo. Niliketi chini karibu na miguu yake, naye akauchukua mkono wangu akaunusa.

"Mgongo ulimwosha wewe?" aliuliza.

"Mimi, Hooyo."

"Si wale wazee?"

"Mimi mwenyewe."

"Polepole?"

"Polepole."

Aliendelea kushika mkono wangu, kidole gumba chake kikipita juu ya mifupa. "Hapo huwa hapendi maji baridi," alisema.

"Yalikuwa ya uvuguvugu, Hooyo," nikamwambia.